Ile Fomula ya u na v Ina Wenyewe

Ukienda kampasi yoyote hapa Kenya umuulize mwanafunzi wa uhandisi ni nini kilimtoa jasho mwaka wa kwanza, kuna uwezekano mkubwa atakuandikia hii kwenye kiganja:

∫u dv = uv − ∫v du

Hiyo ndiyo integrali kwa sehemu. Inaandikwa ubaoni, mnapewa mifano miwili, halafu CAT wiki ijayo. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili karo iliponilemea, kwa hivyo sina digrii ya kutetea hapa. Lakini hii fomula ilinifuata hadi nyumbani, na kitu kinachoniudhi hadi leo ni kwamba hakuna aliyetuambia ilitoka wapi. Ililetwa kama mtoto wa kuokotwa. Na kumbe ina ukoo, tena ukoo wenye kesi.

Tuanze Paris, 1675. Kuna Mjerumani wa miaka 29 anaitwa Gottfried Wilhelm Leibniz. Alikuja kwa shughuli za kidiplomasia, si kusoma hesabu, lakini usiku anajaza karatasi. Mwisho wa Oktoba mwaka huo anaamua kuandika alama ya jumla kwa S ndefu, kwa sababu neno la Kilatini ni summa. Hiyo S ndefu ndiyo ∫ tunayochora mpaka leo.

Sasa skiza hii. Tarehe 11 Novemba anajiuliza swali ambalo kila mtu darasani kwetu alijiuliza kimoyomoyo: je, badiliko la u mara v ni sawa na badiliko la u mara badiliko la v? Yaani d(uv) = du · dv? Inakaa sawa kabisa kwa macho. Leibniz akajaribu na x mara x, akaona jibu halikubali. Siku 10 baadaye, tarehe 21, alikuwa na kanuni yenyewe: d(uv) = u dv + v du. Manze, ile kosa tunayochapwa nayo alama kwenye mtihani, Leibniz mwenyewe aliipitia. Tofauti ni kwamba yeye alipewa siku 10.

Ukiwa na hiyo kanuni, integrali kwa sehemu si fomula mpya. Hamisha v du ng'ambo ya pili, jumlisha pande zote mbili, imeisha. Lakini mimi hesabu za kuhamisha hamisha hazijawahi kunishika, kwa hivyo nitaieleza kwa shamba.

Mzee ameacha shamba la mstatili, urefu u, upana v. Kuna mto unaoanza pembe moja ukipinda pinda mpaka pembe inayotazamana nayo. Upande mmoja wa mto amepewa kaka, upande wa pili dada. Mpima ardhi amekuja, lakini upande wa dada ni kinamasi, hapimiki. Atafanya nini? Atapima shamba lote, uv, rahisi sana. Atapima upande wa kaka. Atatoa. Kama shamba ni ekari 10 na kaka ana 6, dada ana 4, na hakuna mtu amekanyaga matope. ∫u dv ni upande wa dada. ∫v du ni upande wa kaka. Siri yote iko hapo: unabadilisha kipande kigumu kupimwa kwa kipande rahisi.

Ndiyo maana ∫x cos x dx inakubali. Ukichukua u = x, badiliko lake ni dx tupu, ile x imeyeyuka. Unabaki na x sin x toa integrali ya sin x, na jibu ni x sin x + cos x (na ile + C, usisahau, wahadhiri wanaipenda kuliko watoto wao). Ukichagua vibaya, ukaifanya cos x kuwa u, utapata x mraba ndani na shida imekua badala ya kupungua. Fomula haikuambii uchague kipi. Hiyo ni kazi ya jicho.

Wazo la kupima upande wa pili Leibniz alikuwa nalo hata kabla ya alama zake. Karibu 1673 alitumia hila ya aina hiyo kwenye duara akapata kwamba π/4 ni 1 − 1/3 + 1/5 − 1/7, na kuendelea bila mwisho. Ulaya ikashangaa. Lakini kule Kerala, India, ng'ambo ya hii Bahari Hindi yetu, wanahesabu walikuwa na mfululizo huo zamani; wanafunzi wa shule hiyo walimpa sifa Madhava, aliyeishi zaidi ya miaka 200 kabla ya Leibniz. Hiyo ni post ya siku nyingine.

Tuje kwa kesi. Vitabu vingi vinampa Mwingereza Brook Taylor heshima ya integrali kwa sehemu, kutokana na kitabu chake cha 1715, Methodus Incrementorum Directa et Inversa. Ni yule yule wa Taylor series. Jamaa alikuwa na digrii ya sheria kutoka Cambridge. Mwaka 1712, Newton na Leibniz wakigombana nani alianza kalkulasi, Royal Society iliunda kamati ya kuamua, na Taylor akaongezwa ndani. Rais wa Royal Society alikuwa nani? Newton. Ripoti ikampa Newton ushindi, na leo inajulikana kwamba Newton mwenyewe alikuwa na mkono mkubwa katika kuiandika. Sisi Wakenya tunazijua kamati za aina hiyo.

Halafu Johann Bernoulli wa Basel, rafiki wa Leibniz, akamrukia Taylor. Yeye alikuwa amechapisha mwaka 1694 mfululizo unaopatikana kwa kurudia integrali kwa sehemu tena na tena, na akadai Taylor amembebea kazi. Waliandikiana maneno makali miaka na miaka. Taylor alikufa 1731 akiwa na miaka 46. Kwangu mimi jina la kuweka hapo ni Leibniz, lakini najua comments zitawaka.

Sasa hapa nyumbani. Kabla ya 8-4-4, hesabu hii ilikuwa ya Form Five na Form Six. Mwanafunzi alikuwa na miaka miwili ya kukaa na kalkulasi kabla ya kuona lango la chuo. 8-4-4 ilipoanza 1985, Form Five na Six zikafutwa, na mitihani ya mwisho ya A-level ikafanywa 1989. Hesabu ya KCSE ikabaki na integrali za polinomia, eneo chini ya mchoro, kanuni ya trapeza, basi. Integrali kwa sehemu ikasukumwa chuoni, ikabanwa ndani ya muhula mmoja pamoja na mengine yote. Kwetu ilipewa vipindi viwili. Cha pili kilikuwa saa moja asubuhi, ukumbi umejaa, wengine tumesimama dirishani tukinakili u na v kutoka kwa daftari la mtu aliye mbele.