Raketi Niliyomnunulia Baba

Mwaka jana, kwa posho yangu ya kwanza ya masomo ya uzamili, nilimnunulia baba raketi ya tenisi. Ilikuwa nyeusi, ngumu, nyepesi kama ubao wa daftari, na nyuzi zake za poliesta zilikuwa zimekazwa kama kamba mpya ya kuanikia nguo. Baba ni mwalimu wa tenisi Dar es Salaam. Alianza akiwa mwokota mipira katika klabu moja mwanzoni mwa miaka ya 1980, akajifunza mchezo kwa kutazama, na maisha yake yote amecheza kwa raketi zilizoachwa na wanachama waliozichoka. Hii ndiyo ilikuwa ya kwanza kutoka dukani ikiwa yake.

Baada ya miezi minne akawa hawezi kuinua birika la chai kwa mkono wa kulia. Maumivu yalikuwa upande wa nje wa kiwiko, yakishuka hadi kwenye kigasha. Kupeana mkono na mtu kulimfanya akunje uso.

"Ni uzee tu, mwanangu," aliniambia.

Mama alinivuta pembeni. "Yameanza na ile raketi yako," alisema.

Mimi nasoma historia. Kutibu siwezi, lakini nimefundishwa kuuliza jambo lilianza lini. Nikaingia maktaba kumtafuta mkosaji, huku nikiogopa kwamba nitajikuta mwenyewe.

Meja Walter Clopton Wingfield alisajili nchini Uingereza haki ya mchezo wake wa tenisi ya nyasi mwaka 1874. Mwaka 1882, Henry Morris, akiandika katika jarida la The Lancet kuhusu mikazo ya misuli ya wapanda farasi, alitaja pia mkono wa wacheza tenisi. Mwaka uliofuata British Medical Journal lilichapisha barua ya mwandishi aitwaye Major juu ya kiwiko cha tenisi. Kwa hiyo haikupita hata miaka kumi kabla ugonjwa haujapata jina, na wakati huo raketi zote zilikuwa za mbao na nyuzi zilitokana na matumbo ya wanyama. Hapakuwa na poliesta wala kaboni ya kulaumiwa.

Kisha nikakuta jambo lililonifanya niweke kalamu chini. Mwaka 1873, mwaka mmoja kabla ya Wingfield, daktari Mjerumani aitwaye Runge alikuwa amekwisha kueleza maumivu ya upande uleule wa kiwiko. Makala yake ilihusu watu walioumizwa na kuandika. Kalamu ilitangulia raketi.

Hata hivyo sikutaka kuisamehe raketi haraka. Raketi ya mbao ilikuwa na uzito wa takriban gramu 370 hadi 400, na ilijipinda kidogo mpira ulipoigonga. Ule uzito na kule kujipinda vilimeza sehemu ya mshtuko kabla haujafika mkononi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 René Lacoste, bingwa wa zamani wa Ufaransa, alibuni raketi ya chuma. Kampuni ya Wilson ikaanza kuiuza Marekani mwaka 1967 kwa jina la T2000. Mwaka 1976 mhandisi Howard Head, aliyekuwa ametajirika kwa kutengeneza mbao za kuteleza kwenye theluji, alipata haki ya raketi yenye kichwa kikubwa. Alikuwa amejifunza tenisi ukubwani na hakuwa mchezaji mzuri. Raketi ilimzunguka mkononi kila alipokosa kugonga katikati. Kichwa kipana kilipunguza mzunguko huo, na hilo lilikuwa afueni kwa mkono.

Baadaye nyuzi za kaboni zikaishinda mbao. Yannick Noah alipochukua ubingwa wa Ufaransa mwaka 1983 akiwa na raketi ya mbao, mbao ilikuwa inaaga. Kaboni iliwezesha fremu kuwa nyepesi na ngumu kwa wakati mmoja. Mwaka 1997 Gustavo Kuerten wa Brazili alishinda mashindano hayohayo akitumia nyuzi za poliesta, na wachezaji wengi wakamfuata kwa sababu nyuzi hizo huuzungusha mpira vizuri. Lakini ni ngumu kuliko za utumbo, na hupoteza mnyumbuko wake upesi. Fremu nyepesi husukumwa nyuma na mpira kirahisi; fremu ngumu haijipindi; nyuzi ngumu hazizami. Kinachobaki kuupokea mshtuko ni mkono. Nilisoma hayo nikaiona ile raketi niliyoichagua kwa macho, nikidhani kwamba wepesi ni huruma kwa mtu mzima.

Ushahidi wa upande wa pili nao upo. Wapo waliosema ukubwa wa mpini ndio siri, mpaka mwaka 2006 watafiti wa Marekani walipopima misuli ya kigasha cha wachezaji wakitumia mipini ya ukubwa tofauti, wasione tofauti ya maana. Mwaka 2004 ilikuwa zamu ya kile kipande cha mpira kinachobanwa kwenye nyuzi: kinatuliza mlio na mtetemo wa nyuzi, lakini mtetemo wa fremu unaofika mkononi hakiupunguzi. Na mwaka 1979 wapasuaji Robert Nirschl na Frank Pettrone walieleza walichokikuta ndani ya viwiko walivyovipasua. Kano inayoshikilia misuli ya kuinua kifundo cha mkono haikuwa imevimba tu kama ilivyodhaniwa. Ilikuwa imechakaa, nyuzinyuzi zake zimevurugika, kama kamba ya ndoo iliyosuguliwa kwenye ukingo wa kisima kila siku bila kupewa nafasi ya kupumzika.

Hapo nikaacha kuhesabu aina za raketi, nikaanza kuhesabu mipira. Nilikwenda kiwanjani Jumamosi moja, nikakaa kwenye benchi kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kufikia saa nne baba alikuwa ameshapeleka makapu manane ya mipira kwa wanafunzi wake, na kila kapu lilikuwa na mipira sabini hivi. Alipopiga kwa mgongo wa mkono, kifundo kilijikunja na mpira ulikuwa umeshampita kidogo. Hakuna aliyewahi kumrekebisha. Nani angemrekebisha mwokota mipira?

Basi raketi yangu haikuwa bila hatia. Ilikikuta kiwiko kilichotumika kwa miaka arobaini, ikakiongezea mshtuko ambacho hakikuwa na pa kuuweka. Vitabu vinazungumzia uchaguzi wa vifaa kana kwamba kila mchezaji huchagua. Baba hakuwahi kuchagua raketi, wala idadi ya mipira, kwa sababu kila kapu lilikuwa sehemu ya ada yangu.

Nilimweleza yote haya jioni, pamoja na habari ya Runge. Alisikiliza, akacheka.

"Kwa hiyo hata ingekuwa ya mbao ingeniuma?"

"Ingekuuma, baba. Labda kwa kuchelewa."

Tulibadilisha nyuzi, tukaweka laini zaidi na kuzilegeza. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimpa mazoezi ya kushusha kopo la maji polepole kwa kifundo cha mkono, na akamwonya kwamba kano hupona kwa miezi. Jambo gumu lilikuwa kumshawishi awarushie wanaoanza mipira kwa mkono wa kushoto badala ya kuwapigia. Aliona ni aibu, mwalimu asiye na raketi mkononi. Siku hizi anafanya hivyo kwa makapu mawili ya mwanzo, kisha anasahau.

Birika analiinua, ila si kila asubuhi. Juzi alinipigia simu kuuliza tasnifu imefika wapi. Nilipomwambia naandika usiku na mchana alikaa kimya kidogo, kisha akasema: "Pumzisha mkono, mwanangu. Si ulisema ilianza na kalamu?"