Hakuna Kuku Safi, Wasee. Hata Huyo wa Gredi ni Chotara

Wacha nianze na aibu yangu. Mwaka jana niliweka mayai 48 kwa mashine ya kuangua, hapa nyuma ya nyumba yetu Kahawa West. Siku ya 17 stima ikapotea usiku mzima. Waliotoka walikuwa vifaranga watano.

Wiki hiyo hiyo, koo wa kienyeji ambaye kukhu alitutumia kutoka Kakamega alikuwa amejificha nyuma ya gunia la makaa na mayai 11. Hakuna aliyempimia joto. Hakuna aliyemgeuzia yai hata moja. Siku ya 21 akatoka na watoto kumi, amevimba kama landilodi siku ya rent.

Na huyo ndiye tunamwita kuku wa kawaida! Nikaamua kusoma historia yake. Nilichopata kimenibadilisha mawazo kuhusu hii stori yote ya "mbegu safi".

Kuku wetu wote asili yao kubwa ni kuku pori mwekundu wa misitu ya Asia ya Kusini-Mashariki. Mifupa ya kuku wa kufugwa ambayo watafiti wanaiona kuwa ya zamani zaidi ilichimbwa Ban Non Wat, Thailand, na ni ya kati ya mwaka 1650 na 1250 kabla ya Kristo. Ni kipindi ambacho mpunga ulikuwa unaenea huko. Ndege aliona nafaka, akasogea, akakaa. Ni kama yule binamu alikuja wikendi moja na hadi leo yuko kwa kochi.

Lakini hata hapo damu ilishachanganyika. Mwaka 2008 wanasayansi walionyesha kwamba ile jeni inayowapa kuku wengi miguu ya manjano haikutoka kwa kuku pori mwekundu. Ilitoka kwa kuku pori wa kijivu, wa India. Kwa hivyo ukiona kuku mwenye miguu ya manjano akipita kwa geti, ujue huyo ni chotara wa tangu zamani.

Huku kwetu alifika kwa bahari. Mifupa yake imepatikana Unguja Ukuu, Zanzibar, kwenye mji wa biashara wa zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Jeni za kuku wa Kenya zinaonyesha hawakuja mara moja wala kutoka mahali pamoja. Ndio maana kwa boma moja unapata mwenye shingo tupu, mwenye manyoya yamejikunja kama ametoka saluni, na ukishuka Pwani unapata kuchi, yule mrefu wa kusimama wima kama askari wa zamu. Hiyo shingo tupu usiicheke. Manyoya machache yanamsaidia kupoteza joto jua likiwaka.

Sasa tuje kwa kuku wa gredi, yule tuliambiwa ndiye wa maana. Chukua Rhode Island Red. Miaka ya 1840 na 1850, Marekani na Uingereza zilishikwa na wazimu wa kuku. Boston walifanya maonyesho yao ya kwanza Novemba 1849, watu wakajaa kuangalia majogoo wakubwa kutoka Asia. Wakulima wa Rhode Island, huko Little Compton, wakachukua majogoo wekundu waliokuja na meli, wakawapandisha na mitetea ya kwao ya nyuma ya nyumba. Inasimuliwa kwamba mmoja wa majogoo hao alinunuliwa kwa baharia mwaka 1854. Ni miaka mingi baadaye, 1904, ndipo chama cha wafugaji kikawatambua rasmi kama mbegu. Yaani "mbegu safi" ni chotara aliyepata cheti.

Na huyo chotara akaletwa kwetu kurekebisha wetu. Kuanzia 1976 serikali, kwa msaada wa Uholanzi, iliendesha mpango wa kuendeleza kuku. Ndani yake kulikuwa na kubadilishana majogoo: unatoa wako wa kienyeji, unapewa wa kigeni. Wazo halikuwa baya. Kizazi cha kwanza cha machotara huwa na nguvu, wanakua haraka na wanataga zaidi. Shida huanza ukiwazalisha hao wenyewe kwa wenyewe. Sifa zinatawanyika, huyu mkubwa, yule kijibonge, na wewe unarudi kununua vifaranga tena.

Na kuna kitu kingine kilikuwa kinapotea kimya kimya. Koo akilalia mayai hatagi, na akishaangua analea kwa wiki kadhaa. Kwa mwenye biashara ya mayai hiyo ni hasara, kwa hivyo kuku wa kutaga walichaguliwa, kizazi baada ya kizazi, wasipende kuatamia. Ukimleta jogoo wa ukoo huo, unaleta na hiyo tabia.

Mimi mwenyewe nilifanya hivyo. Nilinunua jogoo mwekundu, nikampa yule koo wa Kakamega. Wakatoka mitetea sita wazuri, wazito, wanataga vizuri. Aliyekubali kulalia ni mmoja. Nikampigia kukhu simu kulalamika.

"Mjukuu wangu," akasema, "uliangalia jogoo pekee. Mama yao ulimwangalia lini?"

Nikanyamaza. Kumbe hata historia niliyokuwa nasoma ilikuwa ni majogoo tu. Jogoo wa meli, jogoo wa maonyesho, jogoo wa serikali. Waliolalia mayai hawana hata sentensi moja.

Habari njema ni kwamba tabia hiyo si rahisi kufutika. Charles Darwin, kwenye kitabu chake cha 1868, alieleza kwamba ukipandisha aina mbili ambazo zote hazilalii, watoto wao wakati mwingine wanalalia vizuri kabisa. Yeye mwenyewe alipandisha jogoo mweusi wa Kihispania na mtetea mweupe wa manyoya ya hariri, na mmoja wa watoto akatoka na rangi za kuku pori.

Kwa hivyo sisemi tuache kuchanganya. Kuku ni mchanganyiko tangu mwanzo. Ninachosema ni usimwuze koo anayelalia ndio ununue jogoo wa mitandaoni. Mimi sasa nina sheria moja: mtetea wa kukhu na binti zake wanaolalia hawaendi sokoni wala kwa sufuria. Chanjo ya kideri wanapata kama wengine. Jogoo anaweza kubadilishwa.

Wewe kwenu mna koo wa aina hiyo? Pigia shosho simu leo, umuulize alimtoa wapi. Usingoje stima ipotee kwanza.