Risiti Za Duka Lako Zinafutika? Cheki Karatasi Unayonunua

Kama una duka mtaani, hebu fungua droo utoe ripoti za Z za mwaka jana na zile risiti za supplaya. Zimebaki nyeupe pe? Hapo uko na shida buda, juu sheria ya ushuru Kenya inataka uweke rekodi za biz miaka 5. Na yule kastoma alinunua simu ya warantii ya mwaka mmoja atarudi na kikaratasi tupu, mbishane mbele ya watu.

Iko hivi. Mashine nyingi siku hizi hazitumii wino. Karatasi yenyewe imepakwa kemikali inayogeuka nyeusi ikipata joto, na kichwa cha printa ndicho kinachoma hizo herufi. Kwa boksi itaandikwa "thermal". Ukitaka kuhakikisha, kwaruza na kucha. Ikiacha mstari mweusi, ni yenyewe, na huo ndio upande unafaa kuangalia kichwa cha printa. Ukiiweka kinyume itatoka tupu, halafu fundi akule doh yako bure.

Upana ni rahisi: printa kubwa ya kaunta hutumia 80 mm, hizi ndogo za mkononi 57 mm. Unene wa roli ndio husahaulika. Roli nono haiingii kwa mashine ndogo, kifuniko kinakataa kufunga. Ukienda tao beba roli iliyoisha na upime nafasi ya ndani.

Sasa mahali wasee huchezwa ni urefu. Roli mbili zinaweza toshana kwa macho, kumbe moja imefungwa legevu ama ina kigogo kikubwa katikati. Uliza ni mita ngapi, kisha gawanya bei kwa mita. Ile ya bei ya chini mara nyingi ndio ghali. Na kama inaacha vumbi kwa vidole, achana nayo; hilo vumbi linaenda kusugua kichwa cha printa, na kichwa si bei ya roli.

Hata karatasi poa itafifia ukiianika dirishani, ukiishika na mikono ya mafuta ya chipo ama sanitaiza, ama ukiihifadhi kwa yale makaratasi laini ya plastiki. Usijaribu kulaminate, joto litaifanya nyeusi yote. Risiti ya maana toa fotokopi ama uipige picha siku hiyo hiyo.

Kama keshia wako anashika risiti kutwa nzima, tafuta iliyoandikwa haina BPA. Umoja wa Ulaya ulibana hiyo kemikali kwa karatasi za risiti tangu Januari 2020.

Na ukiona mstari mwekundu umeanza kutokea pembeni, roli inaisha. Badilisha kabla foleni ya jioni.