Taa ya Upepo wa Tairi: Ilitoka Wapi, na Ina Kazi Gani Balambala?

Leo tuache kidogo mambo ya tovuti na hifadhidata tuzungumzie kompyuta ndogo sana, ile inayozunguka ndani ya gurudumu la gari. Bila shaka umewahi kuona taa ya njano kwenye dashibodi, yenye umbo kama kiatu cha farasi na alama ya mshangao katikati. Mtu ananunua rimu mpya za kupendeza, anafungiwa, na siku hiyo hiyo taa inawaka. Anamwambia fundi, "Izibe tu hiyo." Kabla hujaiziba, hebu tuangalie ilikotoka.

Tairi la upepo lenyewe ni la zamani. John Boyd Dunlop alilisajili mwaka 1888, na valvu ya Schrader tunayotumia hadi leo ni ya miaka ya 1890. Kwa karibu karne nzima baada ya hapo, dereva alipima upepo kwa jicho, kwa teke au kwa geji. Mwaka 1986 Porsche 959 ikawa gari la kwanza la kuuzwa lenye vihisi vya upepo. Lilikuwa gari la kasi ya kupita kilomita 300 kwa saa, la matajiri wachache. Kihisi kilikuwa anasa.

Kilichokigeuza kuwa sheria ni vifo. Katika miaka ya 1990 magari aina ya Ford Explorer yalitumia matairi ya Firestone ambayo yalianza kubanduka ngozi ya nje yakiwa mwendoni, na gari likapinduka. Nchi za joto ziliumia mapema. Mwaka 1999 Ford ilianza kubadilisha matairi hayo Saudi Arabia na nchi jirani za Ghuba, huku Firestone ikilaumu ukarabati mbaya na mazingira magumu ya kule. Agosti 2000 wakaamua kuyarudisha matairi milioni 6.5 Marekani. Hesabu ya serikali ya huko ilifikia vifo zaidi ya 270.

Matairi yenyewe yalikuwa na kasoro, lakini upepo nao ulikuwa na mkono wake. Ford ilipendekeza 26 kwenye geji ya pauni, Firestone ikasema 30. Tairi lenye upepo mdogo hujikunja sana kila linapozunguka, kujikunja huzaa joto, na joto hudhoofisha gundi inayoshika tabaka za mpira na nyaya. Ongeza jua kali, mzigo na mwendo wa kasi, halafu subiri mlipuko.

Tarehe 1 Novemba 2000 Rais Clinton alitia saini sheria ya TREAD iliyotaka kila gari jipya dogo liwe na onyo la upepo. Hapo ukaja ubishi ambao sisi waandishi wa programu tutauelewa vizuri. Kulikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kuweka kihisi chenye redio ndani ya kila gurudumu. Ya pili ni ya ujanja: tumia vihisi vya breki za ABS vilivyopo tayari, kwa sababu tairi lililopungua upepo huwa na kimo kidogo na huzunguka haraka kuliko wenzake. Ni rahisi, karibu ni programu tu! Lakini matairi yote manne yakipungua sawasawa, mifumo ya wakati huo haikuona kitu. Kanuni ya mwaka 2002 iliruhusu njia hiyo dhaifu. Watetezi wa watumiaji, Public Citizen, wakaenda mahakamani, na mwaka 2003 kanuni ikatupwa. Kanuni mpya ya 2005 ikadai onyo likishuka robo chini ya kiwango, tairi moja au yote manne, na kufikia Septemba 2007 magari yote mapya madogo ya Marekani yalilazimika kutii. Ulaya ikafuata: aina mpya za magari Novemba 2012, magari yote mapya Novemba 2014.

Sasa turudi kwa rimu zako. Kila kihisi kina betri iliyofungwa ndani ya plastiki, haibadilishwi, hudumu kama miaka 5 hadi 10. Kina redio na namba yake ya utambulisho, na kompyuta ya gari husikiliza namba inazozijua tu. Ukifunga rimu bila vihisi, au ukiweka vihisi vipya bila kuifundisha kompyuta namba zake, taa itapepesa kwa dakika moja hivi kisha itabaki imewaka. Hiyo si hitilafu ya bahati mbaya. Kanuni ya 2005 ilidai gari liseme waziwazi, "Siwasikii."

Masafa nayo ni mtego. Vihisi vingi vya magari ya Ulaya hutumia megahezi 433, vingi vya Japani na Marekani 315. Kenya huagiza magari yaliyotumika yasiyozidi miaka 8, na yenye usukani wa kulia, mengi kutoka Japani na mengine Uingereza. Ya Uingereza yote sasa yametengenezwa baada ya sheria ya 2014. Ya Japani mengine yana mfumo huu, mengine hayana. Kwa hiyo kihisi kilichotolewa kwenye gari la jirani kinaweza kuingia vizuri kwenye rimu na bado kisisikike kamwe.

Kwa fundi wa pancha, mambo manne. Kwanza, hakikisha rimu ina nafasi; kihisi kisiguse ukuta wa rimu wala kisijitokeze palipo na njia ya ukingo wa tairi. Pili, unapobandua tairi, anza mbali na valvu, maana chuma cha kubandulia huvunja kihisi mara moja. Tatu, kwenye valvu ya alumini weka kile kipini cha ndani kilichopakwa nikeli. Cha shaba tupu huliwa na kutu na kung'ang'ania humo. Nne, pima usawa wa gurudumu upya, kwa sababu kihisi kina uzito.

Haya, na Balambala je? Mji huu uko kandokando ya Mto Tana, kaskazini-magharibi mwa Garissa, karibu kabisa na ikweta. Ni nchi ya joto na mchanga. Dereva anayejua mchanga hupunguza upepo makusudi ili tairi litandazike na lisizame. Ujuzi huu ni wa zamani. Mwingereza Ralph Bagnold aliutumia kuvuka jangwa la Libya kabla ya Vita Kuu ya Pili, na wakati wa vita hivyo lori la Kimarekani la DUKW, linaloelea majini, lilimwezesha dereva kupunguza na kuongeza upepo akiwa kitini.

Sasa fikiria gari lenye kiwango cha 32. Taa itawaka likifika 24. Dereva ameshusha hadi 18 mchangani, taa inawaka, naye anasema, "Hii taa haijui kwetu." Mchangani, mwendo wa polepole, ana haki. Tatizo linaanza anapofika lami ya kuelekea Garissa mjini, abiria wamejaa, jua la saa saba, kompresa hana, na mguu unazidi kukanyaga mafuta. Hapo amekusanya kila kitu kilichowaua watu wa Ghuba na Texas: upepo mdogo, mzigo, joto na kasi. Na matairi yote manne yamepungua sawasawa, lile hasa ambalo mahakama ya 2003 ilikataa lisionekane.

Ndiyo maana nasema taa hii ina kazi Balambala kuliko Nairobi. Huko Nairobi humwonya mtu kuhusu msumari. Hapa humkumbusha dereva kwamba bado hajarudisha upepo alioutoa kwa mkono wake mwenyewe. Ukibadilisha rimu, hamisha vihisi au nunua vya masafa ya gari lako na uvisajili. Ukishindwa na bei, basi nunua geji na pampu ndogo ya kuchomeka kwenye gari, na upime kila unapotoka mchangani kabla ya kugusa lami. Kuziba taa ni rahisi, lakini tairi litaendelea kupata moto vilevile.