Ukali wa Kiko Ulikuwa Breki

Vijana wa rika langu hapa Kabuchai wana sentensi moja wanaipenda sana. Ukiuliza kama wanavuta, wanakuambia hapana, mimi sivuti, naweka tu kifuko. Ni vile vifuko vyeupe vya nikotini, vidogo kama kona ya majani ya chai, unaweka chini ya mdomo wa juu na maisha yanaendelea. Hakuna moshi, hakuna harufu, hata mwalimu hajui. Na kila mtu anavizungumzia kama kitu kipya kabisa, teknolojia ya kizazi chetu.

Si kitu kipya. Wazee wetu walijua zamani kwamba tumbaku inaweza kupita mdomoni bila kugusa mapafu. Tofauti ni kwamba yao ilikuwa kali kama pilipili, na hapo ndipo stori yangu ya leo ilipo. Ukiisoma historia ya tumbaku vizuri, utaona ni historia ya watu kuondoa ukali, hatua kwa hatua, mpaka hata mtoto wa darasa la nane anaweza kuitumia bila kukohoa.

Tuanze na kiko. Ukikaa na akina kuka pale Chwele, wale wachache waliobaki wanaokumbuka kiko (au wanaokificha kwa sababu daktari alishawakataza), uliza tu tumbaku yao ilikuwaje. Utakaa hapo mpaka jioni. Wanakuambia ilikuwa nyeusi, karibu rangi ya masizi ya jikoni, kwa sababu majani yalining'inizwa darini juu ya moto na moshi ukayapiga wiki nzima. Inanata vidoleni. Inakatwa nyembamba kabisa kama uzi, maana ukikata nene kiko kinazima kila dakika. Chini unajaza kwa kulegeza, juu unakaza kidogo na kidole gumba, unachukua kaa la moto kutoka mekoni, unaweka.

Halafu wanakueleza ladha, na hapa wazee hawakubaliani. Mmoja atasema ilikuwa tamu kwa namna yake, kama moshi wa nyama iliyokaushwa. Mwingine atasema hakuna utamu wowote, ni ukali tu unaochoma ulimi na kupanda kichwani, na kwamba ndiyo maana aliipenda. Kukhu mmoja atacheka na kukumbusha kwamba akina mama pia walivuta, sema tu wanaume husahau kulitaja hilo. Lakini kuna jambo moja wote wanakubaliana. Moshi ule hukuumeza. Uliuvuta ukaishia mdomoni, ukauchezea kidogo, ukautoa. Kijana aliyejaribu kuumeza kama shujaa alikohoa, akatapika, akalala chini ya mwembe mpaka dunia iache kuzunguka. Wengi hawakurudia.

Sigara wao wanaidharau. Kwao ni kama kuvuta hewa. Nilidhani hiyo ni majigambo ya wazee tu, mpaka nikaanza kusoma.

Kumbe wako sahihi, na sababu iko kwenye jani lenyewe. Tumbaku iliyokaushwa polepole, kwa hewa ama kwa moshi, hubaki na sukari kidogo sana, kwa sababu jani linaendelea kuila sukari yake wakati linakauka. Moshi wa jani la aina hiyo hauna asidi nyingi, unaelekea upande wa magadi. Na nikotini ikiwa katika hali ya magadi hupenya ngozi laini ya mdomo kirahisi. Kwa hivyo mvuta kiko anashiba bila kumeza moshi, na pia anachomwa koo akijaribu. Jani lenyewe linamwambia aishie hapo.

Wazee hawakusoma kemia lakini walijua hesabu hii. Kwa nini ugoro unachanganywa na magadi? Yale magadi ya kawaida, yanayochimbwa Ziwa Magadi, ambayo mama anaweka kwenye mboga za kienyeji zilainike. Ukiyatia kwenye tumbaku iliyosagwa, nikotini inafunguka na kupenya haraka puani ama kwenye fizi. Hiyo ni sayansi ya jikoni, na ilikuwa hapa kabla ya maabara yoyote kufika.

Kabla mtu hajaniandikia kwamba nasifia mila, tukumbushane kwamba tumbaku hata si ya asili yetu. Ni mmea wa Marekani. Ulifika pwani zetu baada ya Wareno kuanza kuzunguka na meli miaka ya 1500, ukapanda bara kupitia wafanyabiashara, na neno tumbaku lenyewe ni ukoo mmoja na tabaco ya Kireno. Miaka mia kadhaa baadaye kila boma lilikuwa na miche michache nyuma ya nyumba na kila mtu akaamini ilikuwepo tangu Mungu aumbe Mlima Elgon. Na kiko hakikuwa salama. Saratani ya mdomo na ya koo haijali kama moshi uliumeza ama uliutema. Ninachosema ni kwamba tumbaku ile ilikuwa na breki yake ndani.

Breki hiyo ilianza kulegezwa mbali sana na hapa. Inasimuliwa kwamba mwaka 1839, huko North Carolina, kijana mtumwa aliyeitwa Stephen alikuwa analinda moto wa banda la kukaushia tumbaku usiku. Akashikwa na usingizi. Alipoamka moto ulikuwa karibu kuzima, akakimbia kuleta makaa ya mkaa na kuyatupa humo. Joto kali na la ghafla likayakausha majani haraka, na badala ya kuwa meusi yakatoka ya manjano, yanang'aa kama dhahabu. Bwana wake akayauza kwa bei nzuri sana. Stephen, kama ilivyokuwa kwa watumwa, hakupata utajiri wowote.

Joto la haraka linaua jani kabla halijala sukari yake. Tumbaku ya manjano inaweza kubaki na sukari hadi karibu asilimia 20. Sukari ikiungua inatoa asidi, moshi unakuwa laini na koo haligombi. Lakini nikotini ya moshi wa asidi haipenyi mdomoni vizuri, kwa hivyo ili ushibe lazima uuteremshe mpaka mapafuni. Soma hiyo tena polepole. Moshi uliolainika ndio uliofungua mlango wa mapafu. Jani lililoonekana pole ndilo lililokuja kuua watu wengi zaidi.

Kilichobaki kilikuwa mashine. Mwaka 1881 James Bonsack akapata hataza ya mashine ya kusokota sigara, inayoweza kutoa zaidi ya laki moja kwa siku, wakati mfanyakazi wa mkono alikuwa anasokota elfu chache tu. James Duke akazichukua mashine hizo, akafurika soko, na mwaka 1902 kampuni yake na washindani wao wa Uingereza wakaungana kuzaa British American Tobacco, BAT tunayoijua. Mwaka 1907 BAT ilikuwa tayari Mombasa. Mwaka 1928 ikafungua kiwanda Jinja, Uganda, ng'ambo tu ya mpaka wetu.

Halafu wakaja mpaka mlangoni. Miaka ya 1970 kampuni iliamua kulimisha tumbaku Kenya kwa wingi badala ya kutegemea majani ya majirani, na Malakisi, hapa hapa Bungoma, ikawa mojawapo ya vituo vyake. Mpango ulikuwa rahisi kwenye karatasi. Kampuni inakupa mbegu, mbolea na dawa kwa mkopo. Wewe unatoa shamba, jasho na kuni. Msimu ukiisha unapeleka majani kwa kampuni ile ile, inayapanga kwa madaraja yenyewe, inakata deni lake, halafu inakulipa kilichobaki. Kuna waliojenga nyumba za mabati na kusomesha watoto kwa pesa hizo, tusidanganyane. Lakini mabanda ya kukaushia yalikula miti, na aliyechuma majani yenye umande asubuhi alipata kichefuchefu na kizunguzungu, kwa sababu nikotini hupita hata kwenye ngozi yenye maji. Watoto walichuma pia. Tumbaku iliacha kuwa miche michache nyuma ya nyumba ya kuka ikawa bosi wa shamba zima, na mahindi na maharagwe yakasukumwa pembeni.

Kwa hivyo mwaka 2023, Shirika la Afya Duniani liliposema tulime chakula badala ya tumbaku, watu wa huku hawakuhitaji kuelezwa. Migori kuna wakulima ambao tayari walikuwa wameanza kuhamia maharagwe kwa msaada wa mashirika ya Umoja wa Mataifa.

Sasa turudi kwenye kifuko chako. Kenya ilipitisha Sheria ya Kudhibiti Tumbaku mwaka 2007. Sheria hiyo imekataza kuvuta hadharani, kumuuzia mtu wa chini ya miaka 18, na hata kuuza sigara moja moja, ingawa sote tunajua muuza peremende wa stendi anafanya nini. Shisha ikapigwa marufuku Desemba 2017. Mlango wa moshi ulianza kubanwa. Na mwaka 2019 vifuko vikaingia kwa jina la Lyft, vikiwa vimesajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu. Mwaka 2020 Waziri wa Afya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, akasema usajili ule haukufuata sheria, vikaondoka sokoni. Mwaka 2022 vikarudi na jina jipya, Velo.

Ndani ya kifuko kuna nini? Nikotini, nyuzi za mimea, ladha ya minti ama matunda, na chumvi ya kupunguza asidi ili nikotini ipenye kwenye fizi. Mara nyingi ni sodiamu kaboneti. Unajua magadi ni nini kwa jina la kemia? Ni ndugu wa hiyo hiyo. Yaani kampuni imerudi kwenye mbinu ya ugoro ya bibi yako. Ila safari hii imetoa ule uchungu, imetoa kule kukohoa, imetoa rangi nyeusi kwenye meno na harufu kwenye shati, ikaongeza minti. Kila kitu ambacho kingemwambia kijana wa miaka 15 aishie hapo kimeondolewa. Nikotini peke yake ndiyo iliyobaki.

Kuna mtu ataniambia kifuko ni afadhali kuliko sigara. Kwa mzee anayevuta pakiti moja kwa siku na akaacha moshi kabisa, sawa, mapafu yake yatashukuru. Lakini wewe ambaye hujawahi kuvuta, umetoka wapi ndiyo useme umehamia kwenye afadhali? Umeingia tu. Na ubongo unaendelea kujengwa mpaka karibu miaka 25, ndiyo maana nikotini inamshika kijana haraka kuliko inavyomshika mtu mzima. Wanaouza wanajua hivyo. Ukitaka kujua kitu kimetengenezewa nani, angalia ladha yake. Hakuna kuka wa Nalondo aliyewahi kuomba tumbaku yenye ladha ya beri.

Mimi sikuombi urudi kwenye kiko. Wazee wengine kiko kiliwazika. Nakuomba tu uache kuita kitu laini salama. Kwa karibu miaka 200 sasa, kila mara tumbaku ilipolainishwa, waliofuata kuinasa walikuwa wengi zaidi na wadogo zaidi. Ukali ulikuwa mbaya mdomoni, lakini angalau ulikuwa mkweli. Ulikuambia papo hapo unachoweka mwilini.

Kama una kuka ama kukhu aliyewahi kuvuta ile nyeusi, muulize wiki hii ilimwonjaje siku ya kwanza. Halafu muulize ni nini kilimfanya aache, ama kwa nini hajaweza. Hilo la pili ndilo swali ambalo mwenye kifuko mfukoni anapaswa kulisikiliza vizuri.