Ufagio wa Nani? Halmashauri na Maeneo ya Uboreshaji Biashara Uingereza

Katika miji mingi ya Uingereza, mwenye duka katikati ya mji hupokea bili mbili kutoka halmashauri. Ya kwanza ni kodi ya majengo ya biashara, inayoingia katika mfuko wa umma. Ya pili ni ndogo, na fedha zake ni za mitaa ile ile zilikotoka. Hii ni tozo ya eneo la uboreshaji biashara, yaani sehemu ya mji iliyowekewa mipaka kwenye ramani, ambayo wafanyabiashara wake wamepiga kura kujitoza wenyewe. Kwa fedha hizo hulipia usafi wa ziada, walinzi wa mitaani, maua, taa za Krismasi, matamasha, na matangazo ya kuwavuta wanunuzi.

Mtindo huu ulianzia Kanada. Miaka ya 1960, wenye maduka wa Bloor West Village, mtaa wa mji wa Toronto, waliona wateja wakiwapita: tramu za barabarani zilikuwa zimepisha treni ya chini ya ardhi, na maduka makubwa mapya yalikuwa yakivuta watu kwingine. Wangeweza kuchangishana ili kuupendezesha mtaa, lakini kuchangishana kwa hiari kuna udhaifu ambao kila aliyewahi kushika daftari la michango anaufahamu. Kumi wanatoa, ishirini wanadandia, na taa zikiwashwa zinawaangazia wote. Sheria ya jimbo la Ontario ikaruhusu mji kukusanya mchango huo kwa kila mwenye biashara katika eneo, na mwaka 1970 Bloor West Village ikawa eneo la kwanza la aina hii duniani.

Uingereza ilifuata baada ya zaidi ya miaka 30. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 2003 ilifungua mlango, kanuni za England zikatoka mwaka 2004, na Januari 2005 mji wa Kingston upon Thames, kusini-magharibi mwa London, ukaanza wa kwanza. Leo nchi nzima ina maeneo zaidi ya 300. Uskoti na Ireland ya Kaskazini zina sheria zao. Uskoti, kwa mfano, inataka angalau asilimia 25 ya wenye haki ya kupiga kura wajitokeze, sharti ambalo England haina.

Kampuni inayoendesha eneo kwa kawaida ni ya wafanyabiashara wenyewe, na bodi yao. Lakini bila halmashauri haiwezi kuchukua hata hatua ya kwanza. Halmashauri ndiyo yenye orodha ya walipa kodi, inayoonyesha nani yuko katika jengo gani na jengo limekadiriwa thamani gani. Waanzilishi wakishatoa taarifa kwa halmashauri na kwa waziri, angalau siku 84 kabla ya kuomba kura, hupewa orodha hiyo waandae pendekezo lao. Kura nayo husimamiwa na halmashauri, na hupigwa kwa posta. Gharama zake kwa kawaida hubebwa na halmashauri, isipokuwa pendekezo likianguka vibaya: ikiwa waliosema ndiyo hawafiki asilimia 20 ya wote wenye haki ya kupiga kura, halmashauri inaweza kuwadai waanzilishi gharama hizo.

Ushindi una masharti mawili, na yote lazima yatimie. Kwanza, kura za ndiyo zizidi za hapana kwa idadi. Pili, ukijumlisha thamani ya kukadiriwa ya majengo ya waliosema ndiyo, izidi ile ya waliosema hapana. Tuseme maduka madogo 60 yenye thamani ya jumla ya pauni 600,000 yamekubali, na makubwa 40 yenye thamani ya pauni milioni 2 yamekataa. Pendekezo limeanguka. Wadogo hawawezi kuwabebesha wakubwa, wala wakubwa wachache hawawezi kuwaburuta wadogo. Ndoo hii ina mikono miwili, na mmoja ukiachiliwa hainyanyuki.

Halmashauri ina kura pia, jambo ambalo wengi hulisahau. Maktaba yake, maegesho yake ya magari na ofisi zake zilizo ndani ya mipaka ni majengo kama mengine: halmashauri huyalipia tozo na hupiga kura, kila jengo na kura yake. Penye upinzani mkali, kura hizo zinaweza kuamua mambo. Juu ya hayo, sheria inaipa kura ya turufu. Hata pendekezo likishinda, halmashauri inaweza kulizuia endapo linagongana na sera yake iliyotangazwa, au linawatwisha baadhi ya watu mzigo usio wa haki.

Kiwango cha tozo mara nyingi huwa kati ya asilimia 1 na 2 ya thamani ya kukadiriwa. Duka lililokadiriwa pauni 30,000, kwa asilimia 1, litalipa pauni 300 kwa mwaka. Maeneo mengi huwasamehe wadogo kabisa. Halmashauri hukusanya, huweka fedha katika akaunti maalumu isiyochanganywa na mapato yake, kisha huipa kampuni. Asiyelipa hufikishwa mahakamani kama mdaiwa wa kodi yoyote, hata kama alipiga kura ya hapana. Kuna dosari moja hapa: kwa kawaida anayelipa ni aliyepanga, ilhali mtaa ukipendeza anayepandisha pango ni mwenye jengo. Tangu mwaka 2014 kanuni za England zimeruhusu maeneo yanayowatoza wenye majengo, lakini London peke yake.

Jambo zito kuliko yote ni huduma za msingi. Kanuni zinataka pendekezo lieleze huduma ambazo halmashauri tayari inatoa katika eneo: mitaa inafagiwa mara ngapi, mapipa yanamwagwa lini, kamera zinaangaliwa na nani. Maana ya maelezo hayo ni kwamba tozo iongeze juu ya kilichopo, isije ikaziba pengo. Kwenye karatasi ni jambo jepesi. Lakini halmashauri za England zimekatiwa ruzuku tangu mwaka 2010, na halmashauri yenye njaa ikiona jirani ameshika ufagio, mkono wake huanza kuchoka. Mikataba mingi ya huduma hizo kati yake na kampuni huiruhusu ipunguze huduma ya eneo iwapo inaipunguza mji mzima, kwa hiyo mwenye duka anaweza kujikuta akilipia mara ya pili kile alichokwisha kulipia kwa bili ya kwanza.

Kinga ya mwenye duka ni ukomo wa muda. Hakuna tozo inayoishi zaidi ya miaka 5 bila kura mpya, na kampuni isiyoweza kuonyesha ilichoongeza huondolewa na haohao walioiweka. Mfanyabiashara anayeletewa karatasi ya kura, na aulize kwanza maelezo ya huduma za msingi, ayasome mstari kwa mstari, ndipo ageukie picha za maua.