Wakimbizi wa Kizungu wa Tengeru

Sisi wa Daraja Mbili tukipanda daladala kwenda Tengeru huwa tunafuata kitu kimoja: soko. Ndizi, maparachichi, mitumba. Wachache wetu tunajua kwamba karibu na hapo, upande wa ziwa Duluti, palikuwa na kijiji cha wazungu wapatao 5,000. Hawakuwa walowezi, wala wamisionari, wala watalii. Walikuwa wakimbizi.

Ndiyo, wakimbizi. Neno hilo tumezoea kulibandika kwa watu wa Kigoma na Ngara. Mzungu akihamia kwetu tunamwita mtaalamu.

Walitoka Poland. (Nitawaita Wapolandi, maana nikiandika Wapole mtadhani nasifia tabia zao.) Septemba 1939 Hitler alivamia nchi yao kutoka magharibi, na Stalin akaichukua mashariki. Kuanzia Februari 1940 Warusi walisomba familia nzima nzima kwa mabehewa ya mizigo hadi Siberia na Kazakhstan. Wengi walikufa huko kwa njaa na baridi. Mwaka 1941 Hitler alipomgeukia Stalin, Wapolandi waliachiwa, na mwaka 1942 jeshi lao chini ya Jenerali Anders likavuka kwenda Uajemi pamoja na akina mama na watoto. Askari wakaenda vitani. Akina mama na watoto wakapakiwa melini kuja Afrika. Walitawanywa Masindi na Koja kule Uganda, Kidugala, Ifunda, Kondoa na kwingineko hapa Tanganyika. Kambi kubwa kuliko zote ilikuwa Tengeru.

Hebu fikiria maisha yenyewe. Nyumba za msonge zilizopakwa chokaa, paa la nyasi, safu kwa safu, na Meru nyuma yake. Kulikuwa na kanisa, shule, hospitali na mashamba. Wanaume wazima walikuwa wachache. Mtoto aliyenusurika theluji ya Siberia alijifunza kusoma Kipolandi chini ya migomba. Kama una bibi wa Kimeru aliyewaona, muulize sasa hivi, usisubiri.

Sasa Uskoti inaingiaje? Wakati wanakaa Tengeru, jeshi jingine la Wapolandi lilikuwa limepangwa kulinda pwani ya mashariki ya Uskoti, sehemu za Fife na Angus, Wajerumani wasije wakatua. Vita vilipokwisha, mashariki ya Poland, walikotoka wengi wa Tengeru, ilikuwa imemegwa na Stalin. Warudi wapi? Askari kwa maelfu walikataa kurudi, na mwaka 1947 Uingereza ikatunga sheria ya kuwapa makazi. Wake na watoto wakaondoka Afrika kuwafuata, wengi wakianzia maisha kwenye mabanda ya jeshi yaliyoachwa wazi mashambani. Kutoka msonge hadi banda la bati! Mwaka 1949 kundi la yatima wa Tengeru lilipelekwa Canada, na serikali ya kikomunisti ya Poland ikapiga kelele kwamba watoto wake wameibiwa. Mwaka huohuo kijana mmoja wa Butiama, Julius Nyerere, naye alifika Uskoti, kusoma Edinburgh.

Hadi hapa ni hadithi nzuri. Kinachonikosesha usingizi ni kipande kinachofuata.

Wapolandi wa mwisho wakiwa wanafungasha, serikali ileile ya Mwingereza ilikuwa na shughuli upande wa pili wa mlima. Tume ya jaji Mark Wilson, katika ripoti ya 1947, ilitaka ardhi ya Engare Nanyuki itengwe kwa wafugaji wa kizungu. Wameru walikuwa tayari wamebanwa na mashamba ya walowezi tangu enzi za Mjerumani. Wakakataa kuhama. Novemba 1951 askari walifika, nyumba zikachomwa, watu wapatao 3,000 wakafukuzwa. Kirilo Japhet, akisaidiwa na mwanasheria Earle Seaton, aliipeleka kesi hadi Umoja wa Mataifa, New York, mwaka 1952. Alisikilizwa, lakini azimio la kuwatetea Wameru lilikosa theluthi mbili ya kura katika Baraza Kuu.

Siwaonei wivu wale akina mama. Walistahili kila kibanda. Ninachojiuliza ni hiki: serikali iliyoweza kupata ardhi, shule na daktari kwa wageni 5,000 waliofukuzwa kwao na Stalin, ilishindwaje kuwaona watu 3,000 iliowafukuza yenyewe? Hao hakuna aliyewaita wakimbizi. Waliitwa wakaidi.

Makaburi ya Wapolandi bado yapo Tengeru, yapata 150, yametunzwa vizuri, majina yanasomeka. Ukitaka kwenda, shuka Tengeru uulize chuo cha mifugo. Ila usiende Jumatano wala Jumamosi. Ni siku za soko, utakwama.